Damu Yako Inakumbuka

Garissa, Alhamisi, baada ya alasiri

Hibo, binti yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekula canjeero mbili na chai, umegombana na mama yako kwa sababu ya ule mkebe wa nyirinyiri, nyama ya safari, umeshindwa, na mkebe umeingia kwenye sanduku. Sasa umekwenda mtaa wa Waberi kumuaga dada ya mama yako, na najua hatakuachilia kabla ya magharibi. Hali yangu mimi ndiyo huijui. Mimi si mzima. Sina homa wala sina maumivu. Nina neno lililonikaa kooni miaka kumi, na wiki iliyopita nikaongeza jingine juu yake. Basi lako linaondoka alfajiri. Nina saa mbili za kuandika, labda pungufu.

Mambo ya pasi, ya koti, ya kutomwamini mtu yeyote uwanja wa ndege, mama yako amekwisha kukuagiza mara tatu na bado ana moja ya mwisho. Mimi sina la kuongeza hapo. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyoitumia kazini maabara maisha yangu yote, lugha ya kujaza daftari la wagonjwa na kugombana na wauguzi. Kwa Kisomali jambo hili lingenishinda. Ningefika kwenye jina la kaka yako nikaanza kulia, nawe ungepanda basi bila kujua kitu.

Nianze na wiki iliyopita, maana huko ndiko kwenye haraka.

Jumamosi uliketi kwenye mkeka na fomu za profesa wako wa ng'ambo, unayekwenda kufanya kazi kwenye maabara yake, ukinisomea kwa sauti na kunitania. "Aabo, wanauliza kama kuna chakula kinachonidhuru." Nikakwambia waandikie kwamba kuosha vyombo ndiko kunakokudhuru. Ukacheka. Kisha ukafika swali la tisa na sauti yako ikawa ya kazi: je, umewahi kuugua dengi, au homa kali yenye maumivu ya mifupa ambayo haikuwa malaria? Ukainua macho.

"Mimi nakumbuka ile ya Mandera tu, nikiwa mdogo," ukasema. "Ile ilikuwa malaria, si ndiyo?"

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikasema, "Malaria tu. Kama kila mtu."

Ukaandika Hapana. Nilikuona ukiiandika, kwa ule mwandiko wako mzuri, na sikunyosha mkono kuuzuia.

Hibo, haikuwa malaria. Ilikuwa dengi, ile ambayo watu wa pwani waliiita kidingapopo na sisi tuliiita homa ya kuvunja mifupa. Uliugua, ukapona, na damu yako inaikumbuka mpaka leo.

Najua maana ya jibu hilo kwako. Uliniambia mwenyewe, ukiruka kama mtoto. "Aabo, kule kila mtu amekwisha kuugua, hata watoto wa shule! Wamenitaka mimi kwa sababu natoka kwenye ukame, ambako haijafika." Mbali na kazi ya maabara, utapewa ile chanjo ya dengi wanayoijaribu, watakutoa damu kabla na baada, na watatazama jinsi chembe nyeupe zinavyojifunza tangu mwanzo, darasa la kwanza. Kwa kazi hiyo wanataka mtu ambaye damu yake haijawahi kukutana na dengi hata siku moja. Yako imekutana, na aliyelijua hilo ni mimi peke yangu.

Sasa nikuambie nilijuaje.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu na Liban alikuwa na kumi na sita. Pale Mandera nilikuwa mtu wa maabara peke yangu, nikiwa na hadubini moja na kiburi cha kutosha hospitali mbili. Homa iliwashika nyinyi wawili wiki moja. Mlilala kwenye jamvi moja mkigombania upande wa ukuta kwa kuwa ukuta ulikuwa baridi. Macho yaliwauma mkiyageuza. Ulisema mifupa inasagwa, na Liban akakwambia wewe huna mifupa, una vijiti. Niliwachoma vidole, nikapaka damu kwenye vioo, nikaangalia. Hakuna kijidudu cha malaria. Nikaangalia tena, nikasafisha lenzi, nikaangalia mara ya tatu. Hakuna.

Kwenye daftari niliandika malaria. Safu zilikuwa tatu: malaria, taifodi, mengineyo. Ukiandika mengineyo mara nyingi, wakubwa wanaleta barua ya maswali, na mimi sikupenda kuulizwa maswali. Lakini siku ya kumi, mlipoanza kula na kutukanana, nilidondosha tone la damu ya kila mmoja kwenye karatasi ya kunyonya, nikaikausha, nikaandika majina yenu, nikaitia bahasha. Fundi aliyenilea kazini alinikataza kutupa damu nisiyoielewa. Basi sikuitupa. Huo ndio uaminifu pekee niliokuwa nao mwaka ule.

Mwaka uliofuata homa ilirudi, na safari hii iliingia nyumbani kwa abti Yusuf, kaka ya mama yako, kule mwisho wa mji. Watu watano wamelala, hakuna wa kuteka maji, hakuna wa kuchemsha chai. Abti akatuma mtu: nileteeni mkono mmoja.

Hapa lazima nikuambie habari ya awoowe, babu yako, kwa kuwa hukumwona. Alikuwa na ngamia, na mara mbili katika maisha yake ndui ya ngamia iliingia kwenye kundi. Hakuogopa. Aliwatenga wagonjwa, kisha akawatazama wazima ngozi za midomo na pua. Ngamia mwenye makovu ya zamani alimwacha kati ya wagonjwa bila wasiwasi, na ngamia huyo hakuanguka kamwe. Surua ilipoingia kambini, mtoto aliyekwisha kuugua ndiye aliyepelekwa na kibuyu cha maziwa kwa wanaougua. "Mwenye kovu ndiye mchungaji," alisema, na hakuna aliyembishia kwa sababu hakukosea. Mimi nilikulia ndani ya neno hilo. Nikaenda shule, nikasomea maabara, nikafungua vitabu, na vitabu navyo vikasema mwili unakumbuka adui wake. Nikafurahi sana. Baba yangu na vitabu walikuwa wamekubaliana. Nani tena wa kuniuliza?

Kwa hiyo nikamwita Liban.

Mama yako alisimama mlangoni. "Huyu ameugua mwaka jana," alisema. "Hata nyama haijarudi shavuni."

"Ndiyo sababu yeye ndiye anayefaa," nikamjibu. "Homa hii haimwezi tena."

"Basi nenda wewe."

"Mimi sijaugua. Mimi ndiye wa kuogopa."

Nataka usome maneno hayo tena, kwa sababu mimi nimeyasikia kila siku kwa miaka kumi. Nilisema mimi ndiye wa kuogopa. Mama yako alinitazama, akatoka mlangoni, akampisha mwanawe. Tangu siku hiyo mpaka leo hajanirudishia sentensi ile, hata tulipogombana vibaya. Laiti angenirudishia.

Liban alifurahi. Unamkumbuka alivyokuwa, ukimwambia anahitajika, anarefuka. Alichukua dumu la maji na shati moja. Kwa siku nane alijaza mapipa ya abti, aliwanywesha, aliwaosha. Mimi nilipita mara mbili, nikasimama nje ya ua, nikauliza hali kwa sauti kubwa. Nilikuwa nimeyakagua madimbwi yote ya mji kutafuta mbu wa malaria, mtaalamu mzima. Sikujua kwamba mbu wa homa hii ni wa mchana, ana madoa meupe miguuni, na anapenda maji safi ya ndani ya nyumba. Kila pipa alilojaza kaka yako lilikuwa zizi la mbu huyo.

Nimesikia lango, nikaificha karatasi chini ya mkeka kama mwizi. Kumbe ni mbuzi wa jirani anajikuna. Naendelea.

Alirudi nyumbani na homa. Sikushtuka. Nilimwambia mama yako hiki ni kivuli tu cha homa ya mwaka jana. Nilimchoma kidole: hakuna malaria. Nikampa aspirini mbili, jioni mbili tena, na kesho yake hivyo hivyo. Mkono wangu huu ndio uliompa. Siku ya tano homa ikashuka. Paji la uso lilikuwa baridi, nikasema alhamdulillahi kwa sauti ya kusikika kwa jirani. Abti Yusuf, ambaye alikwisha kupona, akaja akicheka, na Kiswahili chake kile cha sokoni kwa ajili ya muuguzi tuliyekuwa naye. "Homa amekwenda!" akamwambia. "Leo kijana analala fizuri!" Nikachinja mbuzi.

Liban hakula. Alisema tumbo linamuuma. Mama yako alishika mikono yake akasema ni baridi mno, si baridi ya kupona. Nikamwambia homa ikitoka mtu huwa baridi, hilo hata mtoto anajua. Watu walikuwa wanakula nyama yangu na kunipongeza. Kwenye magharibi fizi zake zilitoa damu. Tulimkimbiza wodini, wakamtundikia maji, wakafanya walichoweza usiku kucha. Alifariki kabla ya adhuhuri. Wewe ulikuwa umepelekwa kwa ayeeyo, kwa bibi yako, na uliporudi nilikwambia ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Nikawaambia na watu wote. Imamu alisema ni kadari, na mimi nikajificha nyuma ya neno hilo, ilhali kadari sikuwa na ugomvi nayo. Ugomvi wangu ulikuwa na mdomo wangu.

Asubuhi ile ya mbuzi, kwa mazoea tu, nilikuwa nimedondosha tone lake kwenye karatasi. Nikaliweka na yale mawili ya kwanza. Baadaye alikuja daktari mgeni akiulizia homa za mpakani. Nilimpa bahasha, nikamwambia ni watoto fulani. Sikusema ni wangu. Majibu yalinifikia karibu na wakati tulipohamia Garissa: mvulana na msichana wote wawili walikutana na dengi mwaka wa kwanza, na tone la mwisho la mvulana linaonyesha mwili uliopigwa mara ya pili, yaelekea na aina nyingine ya dengi hiyo hiyo. Chini daktari aliongeza kwa kalamu: mara ya pili ndiyo mbaya zaidi, usiruhusu wagonjwa hawa wapewe aspirini, huzidisha kuvuja damu.

Unakumbuka lori lililotuleta, likaharibika Modogashe siku mbili? Wewe ulikuwa unalalamika vumbi. Mimi nilikuwa na karatasi hiyo kwenye mfuko wa shati. Mama yako alikuwa anachemsha chai kwenye kivuli cha lori, na nilikaa mbele yake muda mrefu nikifungua mdomo na kufunga. Akasema, "Unataka kusema nini?" Nikasema nataka sukari.

Nikaifungia karatasi kwenye kasha langu la vioo. Nilijiambia imekwisha. Liban hayupo, wewe mzima, Garissa si Mandera. Nami nikawa baba mkali wa kufunika mapipa, mpaka majirani wakaniita Mzee Kifuniko, wakidhani ni wazimu wa maabara.

Kisha wewe, kati ya kazi zote duniani, ukachagua hii. Ungesomea sheria ningekaa kimya mpaka kaburini. Lakini ulikwenda chuo kikuu Nairobi ukisema unataka kujua kwa nini mtu mwenye nguvu kama Liban alikufa kwa malaria, ukaanza na malaria, ukahamia chembe nyeupe, na siku moja ukaja likizo ukisema dengi. Nilihisi kama nimeshikwa kola na mtu niliyekuwa nikimkimbia.

Usiku ule wa likizo unaukumbuka kwa sababu ulidhani nimeumwa tumbo. Tulikuwa tumemaliza kula. Ulipanga glasi nne za chai kwenye sinia. "Aabo, dengi si moja," ukasema. "Ni ndugu wanne, wanafanana sura. Ukiumwa na huyu wa kwanza, mwili unamjua yeye vizuri. Yeye hakurudii tena." Ukagusa glasi ya kwanza. "Kuna kingamwili, hizo zinaogelea kwenye damu. Na kuna chembe zenyewe, zinazotafuta seli zilizoingiwa na virusi na kuziua. Zikimaliza kazi, baadhi zinabaki zikikumbuka."

"Sasa akija wa pili?" Mama yako ndiye aliyeuliza. Mimi sikuuliza.

"Hapo ndipo penye tatizo, hooyo. Zile zinazokumbuka zinamwona wa pili, zinadhani ni yule yule. Zinakuja nyingi, haraka, kwa hasira. Lakini hazimshiki sawasawa. Kingamwili za zamani nazo huenda zinamsaidia kuingia kwenye seli badala ya kumzuia. Chembe zinamwaga sumu zao na kuitana, mishipa inavuja, maji ya damu yanatoka. Na mara nyingi ni wakati homa inaposhuka. Watu wanadhani mgonjwa amepona."

Ulikuwa unaeleza vizuri sana, Hibo. Ulikuwa na furaha ya mtu anayeijua kazi yake. Ulisema bado mnabishana, wengine wanalaumu kingamwili zaidi, profesa wako anazitazama chembe. Na kwamba chembe hizo hizo zikifundishwa vizuri ndizo zinazookoa. Ulisema ndiyo sababu chanjo ni ngumu, haiwezi kumfundisha mtu ndugu mmoja ikawaacha watatu, lazima iwafundishe wote wanne kwa pamoja, la sivyo inaweza kuwa imemtayarishia mtu balaa. Ukasukuma glasi ya pili mbele yangu, kwa mzaha.

Nikainuka nikatoka nje. Nilikuwa nimesikia kifo cha mwanangu kikielezwa na binti yangu kwa glasi za chai, hatua moja baada ya nyingine, bila kosa. Mwenye kovu ndiye aliyekuwa hatarini, na mimi, nisiye na kovu, niliyebaki nyumbani kwa woga, ndiye ambaye homa ile yaelekea ingenilaza wiki moja ikaniacha.

Mama yako alikuja kulala, akazima taa. "Umesikia alichosema mtoto?"

"Nimesikia."

"Haya," akasema. Hilo tu. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa anajua, pengine tangu zamani, bila karatasi wala hadubini.

Nimefikiri sana, Hibo, kosa langu ni lipi hasa, maana wewe ni mtu wa kupima na hutakubali kilio bila hesabu. Kutojua si kosa langu. Mandera nzima hakuna aliyejua ndugu wa pili. Kosa ni kwamba kanuni ya baba yangu ilinifaa. Ilinikalisha mimi nyumbani ikamtoa mwanangu. Kanuni inayokufaa wewe huiulizi maswali, unaivisha kanzu ya elimu na kuitoa hadharani. Tangu wakati ule, nikiona jambo linanipendeza upesi, naliangalia kwenye kioo mara nne. Si kwamba siku hizi nakosea kidogo. Nakosea vile vile, ila nachelewa.

Na Jumamosi nilikosea tena, kwa sababu ile ile. Nilitaka uende. Niliona ukiandika Ndiyo utauliza umejuaje, na nikijibu umejuaje itabidi nimtaje Liban, na nikimtaja Liban utanitazama kama mama yako alivyonitazama mlangoni. Kwa hiyo nikakulisha Hapana. Wewe ulinitegemea kwa kumbukumbu ya mwili wako mwenyewe, nami nikakupa uongo, na kesho utaubeba mpaka kwa watu watakaokudunga sindano wakiuamini.

Sijui chanjo hiyo itakufanya nini. Pengine hakuna, pengine itakufaa. Mimi ni mzee wa vioo na daftari, hayo ni ya kwenu. Wala sijui profesa wako atasema nini akijua. Huenda akamtafuta mwingine na nafasi yako ikapotea. Najua umeisubiri miaka miwili, najua hapa Garissa hakuna maabara inayokutosha. Huenda pia akaitaka damu yako zaidi, kwa kuwa imekaa zaidi ya miaka kumi na ndugu mmoja tu bila kuguswa na wengine. Ninachojua ni hiki: hata bila chanjo yoyote, unakwenda mji wenye ndugu wote wanne, na wewe una kovu. Ikikushika homa kule, usiguse aspirini. Na siku homa itakaposhuka, siku ambayo wenzako watakuletea matunda na kukupongeza, hiyo ndiyo siku ya kuwa hospitali. Nilisema sina maagizo. Hilo moja ninalo.

Nimefika hapa na jua limeshuka ukutani. Mama yako ameingia na chai. Kusoma si kazi yake, lakini jina la Liban analijua popote likiandikwa, na ameliona. Ameligusa kwa kidole.

"Unamwambia?"

"Namwambia."

"Yote?"

"Na ya mlangoni."

Ameweka chai chini, ameketi kando yangu, amejifunika mtandio. Sasa tunakusubiri wawili.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini kabisa ya sanduku lako, uikute ukiwa umefika. Nilijiambia ni kwa ajili ya safari yako, usisumbuke. Lakini ukiikuta huko, fomu itakuwa imekwisha kupokelewa, sindano labda imekwisha kuingia, na mimi niko hapa mbali na macho yako, nimekutuma kama nilivyomtuma yeye. Kwa hiyo sitaitia. Nitakupa mkononi ukiingia, na utaisoma hapa kwenye mkeka, mbele yangu. Karatasi ya daktari nimeiambatanisha. Jina lako niliandika mwenyewe juu yake siku ilipofika. Ukitaka kunipigia kelele, nipigie nikiwa karibu. Ukitaka kutonisemesha, nitakaa na kimya hicho pia. Nimezoea.

Fomu sikuibadilisha. Asubuhi nilifungua sanduku, nikaitoa, nikashika kalamu juu ya swali la tisa. Nikairudisha. Nimekwisha kukujibia mara moja, na kabla yako nilimjibia kaka yako. Nenda ukiwa umesema, au baki, au nenda ukiwa umenyamaza ukijua unachokinyamazia. Wewe ndiye mwenye damu na wewe ndiye mwenye elimu. Nitakupeleka stendi au nitashusha sanduku lako, na sitauliza kwa nini.

Liban nilimtuma bila kumwambia ningeweza kwenda mimi. Wewe nakuambia, na una mpaka alfajiri.

Aabo